Mbinu za Kumnyemelea Wifi

Sabra alikuwa mwoga, na hakuna haja ya kumfichia. Aliogopa mende, aliogopa radi, na kwao Magomeni, Mtwara mjini, aliwahi kushinda juu ya meza kwa ajili ya panya mmoja ambaye bila shaka naye alikuwa amejificha kwa kumwogopa yeye. Lakini mkalishe mbele ya televisheni kwenye kibanda cha gemu cha kaka yake, mshikishe pedi ya kuchezea, mwekee ile gemu ya kuwinda, utamwona mwanamke mwingine kabisa. Humo ndani alikuwa anafuata nyati kwenye matope, anamnyemelea chui mpaka anamhesabia madoa, na mkono haumtetemeki.

Alikuwa fundi hasa, mpaka akaanza kujirekodi kwa simu akiwafundisha wengine. Video zake aliziita Mbinu za Sabra kwa Wanaoanza, na watu walizipenda kwa sababu alizungumza kwa kunong'ona, kama vile mnyama yuko chumbani. Upepo uwe usoni kwako, ndugu yangu, usiwe mgongoni. Tanguliza ukingo wa unyayo, kisigino kifuate. Akiinua kichwa, ganda hapo hapo ulipo. Usimkimbilie mnyama, jua anakokwenda, umtangulie. Mpaka Songea kulikuwa na vijana waliokuwa wakimwita mwalimu.

Basi mwalimu huyo, mwoga wa panya, ndiye aliyepelekwa Chidede mwezi wa saba, na mwezi huo Chidede ilikuwa na simba.

Aliyempeleka ni mumewe, Hashimu, ambaye alikuwa anaendesha foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, bandarini na alikuwa amenyimwa likizo. Kwao Chidede, kule mto Ruvuma unakoanza kuonja chumvi ya bahari, ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho dawa, na nyumbani mkono wa kazi ulikuwa mmoja tu, wa dada yake Rukia. "Nenda ukawasaidie, mke wangu," alimwambia. "Mama atafurahi. Na huyo mnyama wanayemsema ameshavuka mto zamani." Wanaume hodari sana wa kuwavusha simba mto wakiwa mbali nao.

Simba yule alikuwa ameanza na mbuzi. Akahamia kwa mbwa. Kisha akamchukua mzee mmoja wa kitongoji cha jirani aliyekwenda kutazama mitego yake ya samaki kwenye mikoko, na kilichopatikana cha kuzika kilikuwa kidogo mno, hata walioosha hawakutaka kuulizwa habari zake. Askari wa wanyamapori walikuja, wakafuata nyayo mpaka ukingoni mwa maji, wakasema amevuka kwenda upande wa Msumbiji. Watu wa Chidede waliitikia ndiyo, kisha wakaendelea kufunga milango mapema.

Siku aliyofika, mama mkwe wake, Bi Mwajuma, alimkalisha mkekani akamweleza jinsi ya kuishi.

"Ukienda kisimani, enda na mwenzio. Ukienda shamba, sema. Imba, kohoa, gombana na mtu, lakini usinyamaze. Huku, mwanangu, mtu anajulikana kwa sauti. Kinachokwenda kimya ni mnyama au mwizi. Na ukiwa porini, mnyama huyo usimtaje jina, mwite Mwenyewe."

"Sawa, mama," alisema Sabra, ingawa kila alichokuwa akiwafundisha watu kilikuwa kinyume cha hayo.

Usiku wote ule hakulala. Kila jani lililodondoka juu ya bati lilikuwa na kucha.

Sasa, Rukia. Rukia alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kubeba mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mgongoni kutwa nzima bila kulalamika, na mdomo usiojua likizo. Alikuwa wifi yake Sabra, na mawifi wana ruhusa yao. Mtu akitaniwa na wifi hanuni, akinuna ndiyo ataniwe zaidi. Alipozisikia zile video za kunong'ona alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo Sabra hakuwa na jina jingine ila Mwindaji wa Pedi.

"Mwindaji wa Pedi, hebu tunyemelee yule jogoo."

"Mwindaji wa Pedi, upepo unasemaje, ugali umeiva?"

Sabra aliyavumilia hayo. Ambalo hakulivumilia ni lile la Jumatatu. Alasiri ile alikuwa anatoka bafuni, bafu lenyewe la makuti nyuma ya nyumba, akaona chini kwenye vumbi nyayo kubwa za duara, moja, nyingine, nyingine. Kabla hajavuta pumzi, nyuma ya makuti ukatoka mngurumo, mzito, wa tumboni. Na Rukia akatokea upande wa pili anakimbia, macho yamemtoka. "Wallahi nimemwona! Yuko nyuma yako!"

Sabra alikimbia. Hakujua anakokwenda. Aliingia uani na khanga moja, povu bado sikioni, akamvaa mtu wa kwanza aliyemkuta amesimama, akamkumbatia kwa mikono miwili, akaficha uso kifuani mwake, akipiga mayowe. Mtu huyo alikuwa Mzee Zuberi, baba mkwe wake, ambaye mpaka siku hiyo Sabra alikuwa akimsalimia kwa kupiga goti, ushungi kichwani, macho chini.

Mzee Zuberi alitazama juu mbinguni mpaka Bi Mwajuma alipokuja kumbandua mkwewe, kisha akachukua kopo lake akaenda kutawadha, ingawa udhu wa alasiri alikuwa nao.

Nyayo zilikuwa za ngumi ya Rukia. Mngurumo ulikuwa wa Rukia vilevile, aliyekuwa ameingiza mdomo kwenye mtungi mtupu. Kufika jioni hakuna nyumba Chidede ambayo haikuwa imesikia kuwa mwali wa mjini amemkumbatia baba mkwe. Sabra alilia kwa aibu, akajiapiza kwa Mungu wake kwamba hatatishwa tena na wifi yake, hata iweje. Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu yeye alikuwa ameumwa na unyasi, kwa hiyo sasa alikuwa tayari kumcheka nyoka.

Siku zikapita, hakuna mbuzi aliyepotea, na watu wakaanza kulegea. Ijumaa Rukia alitangulia shamba alfajiri, maana salfa hupulizwa majani yangali na umande na upepo haujaamka vizuri. Alibeba mashine mgongoni na mfuko wa salfa kichwani, akasahau petroli ya kuongezea. Bi Mwajuma alimpa Sabra galoni.

"Mfuate wifi yako. Na uimbe njiani."

Aliimba. Aliimba kaswida zote alizojua, na zilipokwisha akaimba majina ya wateja wa kibandani kwa kaka yake, galoni inampiga pajani, na kila kichaka akikipita anakiomba samahani moyoni. Jua lilikuwa limechomoza alipofika.

Shamba la kina Hashimu lilikuwa na mikorosho mikongwe upande wa njiani na mikorosho michanga upande wa mtoni, na katikati ukanda wa nyasi ndefu ambao Hashimu alikuwa ameahidi kuufyeka tangu masika. Mikorosho mikongwe ilikuwa imeshapulizwa. Majani yalikuwa ya njano, na ardhi iliyofagiliwa chini yake ilikuwa ya njano pia, unga mwembamba umetandazwa kila mahali. Rukia hakuwepo. Mashine haikusikika.

"Wifi!" aliita.

Kimya. Njiwa mmoja alilia, akaacha.

Ndipo alipoziona. Zilianzia chini ya mkorosho wa pembeni, zikakata unga wa salfa moja kwa moja kuelekea kwenye nyasi. Nyayo kubwa za duara.

Miguu iligeuka yenyewe kutaka kukimbia. Kisha akakumbuka kifua cha Mzee Zuberi. Akasimama.

"Ahaa," alisema kwa sauti ndogo. "Leo tena."

Akachuchumaa kuzitazama, na lazima tuseme ukweli, alizisifu. Safari hii wifi alikuwa amejitahidi. Zile za Jumatatu zilikuwa za ngumi tu, zimepangwa kama vikombe mezani. Hizi zilikuwa na vidole vinne, hazina kucha, kwa sababu simba hukunja kucha anapotembea, na hilo Sabra alikuwa amelifundisha mwenyewe kwenye video ya tatu. Kumbe alikuwa akinicheka na huku ananisikiliza, aliwaza. Hata mwendo ulikuwa sawa, mguu wa nyuma umekanyaga alipokanyaga wa mbele. Rukia alikuwa ameinama hapo dakika ngapi kutengeneza vyote hivi, badala ya kupuliza dawa?

Hasira na furaha zikampanda pamoja. Alijua pa kumpata. Amejificha kwenye nyasi, kashika mtungi wake, anangoja mwali apite njiani apige mayowe. Basi leo atafundishwa kunyemelewa ni nini.

Akatoa simu kifuani, akaiwasha irekodi, akaielekeza mbele yake.

"Ndugu zangu mnaoanza," alinong'ona, "leo hatuko kwenye gemu. Leo tunamuwinda wifi."

Akarusha vumbi kidogo la salfa hewani. Likamrudia usoni. Vizuri, upepo ulikuwa unatoka mtoni, unatoka huko kwenye nyasi unakuja kwake. Akavua kandambili. Galoni aliishika kwa mkono wa kushoto, simu kwa mkono wa kulia, akaanza kwenda, ameinama, ukingo wa unyayo kwanza, kisigino baadaye. Hakuna jani lililolia. Ulikuwa mwendo mzuri kuliko wote aliowahi kwenda maishani, na aliujua uzuri wake, na kwa mara ya kwanza tangu afike Chidede hakuwa na woga hata chembe.

Mwanzoni mwa nyasi alikuta mahali palipolazwa. Nyasi zilikuwa zimebonyea, pana, ndefu kuliko alivyotegemea. Akaweka kiganja. Palikuwa na joto.

"Mnaona," alinong'ona, "ameondoka hapa sasa hivi." Lakini mkono haukutaka kubaki pale, ukajivuta wenyewe. Na palikuwa na harufu, siyo ya salfa, ya kitu kama mbwa aliyeloa, ya nyama iliyosahauliwa. Rukia huyu, aliwaza, amejipaka nini? Akaendelea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ulikuwa mbele yake, umbali wa kama sebule mbili.

Aliiona rangi kwanza. Kaki, kati ya nyasi, chini chini. Rukia alikuwa na koti la zamani la kaki la marehemu babu yake ambalo hulivaa akipuliza, na ndilo hilo, mgongo wake mpana umelala, unapanda na kushuka taratibu kwa pumzi. Alikuwa amempa Sabra kisogo. Alikuwa anatazama upande wa mtoni, mjinga wa watu, anamvizia mtu anayetoka nyuma yake!

Sabra aliuma mdomo asicheke. Akasogea. Akasogea tena. Sasa alikuwa karibu kiasi cha kurusha kiatu. Akavuta pumzi ili apige yowe la kumtoa mtu roho.

Ndipo mashine ilipowaka.

Ilikohoa, ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Haikuwaka mbele yake hapo. Iliwaka mbali, ng'ambo ya nyasi, kwenye mikorosho michanga, na wingu la njano likapanda juu ya matawi, na chini ya wingu akatokea Rukia mzimamzima, mashine mgongoni, miwani usoni, kitambaa puani na masikioni, koti la kaki limefungwa vifungo vyote.

Sabra akarudisha macho kwenye lile koti jingine. Koti likatikisa sikio.

Pumzi aliyokuwa ameivuta haikutoka. Ilibaki ndani, ikageuka barafu. Hakuhisi miguu, hakuhisi mikono, alihisi nywele tu, kila unywele peke yake. Hakikuwa kitu cha kwenye televisheni. Kilikuwa na nzi. Kilikuwa na kovu kwenye nyonga, na mbavu zinahesabika, na mkia ambao ncha yake ilikuwa ikipigapiga chini polepole, na kilikuwa kinamtazama Rukia kwa subira ambayo Sabra aliitambua, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiwafundisha watu. Upepo usoni. Tumbo chini. Usimkimbilie, mngoje aje.

Na Rukia alikuwa anakuja. Mti hadi mti, anapuliza huku, anapuliza kule, hasikii la mwadhini wala la mnadi swala.

Simba hakujua kwamba nyuma yake kuna mtu. Hilo Sabra alilijua wazi. Alikuwa amenyemelea vizuri mno. Akirudi alivyokuja, ukingo wa unyayo kwanza, atafika njiani, atafika nyumbani, ataishi. Na atakayeliwa ni mwingine. Tumwogope Mungu tuseme lilivyokuwa: alitaka kuishi. Alirudi hatua moja. Mguu wenyewe ulimchukua, na jani halikulia, na alijichukia kwa jinsi hatua ile ilivyokuwa nzuri.

Mashine ikakata. Petroli ilikuwa imekwisha.

Katika kimya kile Rukia alishusha kitambaa masikioni, akapandisha miwani, akatazama huku na huku. "Wifi!" aliita. "Wee Mwindaji! Petroli iko wapi?" Na kwa kuwa petroli ingetoka nyumbani, na njia ya nyumbani ilipita kando ya nyasi zile, akaanza kutembea kuzielekea. Mkia uliokuwa ukipigapiga ukatulia. Mabega ya mnyama yakashuka.

Sabra akasimama wima.

"Simba!" alipiga yowe. "Rukia, simba! Rudi!"

Mnyama aligeuza kichwa. Macho yao yakakutana, na Sabra akaona uso mzima, mpana, mchafu wa salfa, hauna chuki wala huruma. Ulimtazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguka wenyewe. Kisha, na hili ndilo lililomvunja moyo, ukageuka tena kumtazama Rukia.

Kwa sababu Rukia alikuwa anacheka.

"Aah, leo zamu yako!" alisema. Alikuwa amemwona mwali wake amesimama katikati ya nyasi, mikono juu, macho yamemtoka, simu mkononi. "Hata simu umeshika! Unanirekodi nikimbie uwaoneshe watu mjini!"

"Wallahi yuko hapa! Wallahi, wifi!"

"Hata mimi Jumatatu niliapa." Rukia alipanua mikono, anakuja, anacheka, mashine tupu inagongagonga mgongoni. "Ngoja nije nikukumbatie, kama ulivyomkumbatia baba!"

Sabra alilia, na Rukia akacheka kilio. Alimpungia mkono arudi, na Rukia naye akampungia. Hakuna alilolifanya ambalo halikuwa sehemu ya utani. Kila neno lililo duniani la kumwambia mtu kuna hatari lilikuwa limeshatumiwa Jumatatu nyuma ya bafu, na Rukia alikuwa anakuja, hatua baada ya hatua, na mnyama alikuwa ameanza kukusanya miguu ya nyuma chini ya tumbo.

Lilitoka lenyewe. Hakulifikiri.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun!"

Rukia alisimama kama aliyegonga ukuta.

Hakuna mtani, hata awe mwehu, anayeyachezea maneno hayo. Utani una ruhusa ya kuiba jeneza na kumcheka mfiwa, lakini neno la kutangaza kifo halitoki kinywani mpaka kifo kiwepo. Kicheko kilimkauka Rukia usoni. Alikiona alichokuwa hajakiona mwanzo, kwamba mwali wake ana machozi mpaka shingoni na simu mkononi, na habari za kifo siku hizi huja kwa simu.

"Nani?" aliuliza, sauti imekuwa ndogo. "Wifi, nani?"

"Nyumbani! Kimbia nyumbani! Pita kwa kina Kasiani! Kimbia!"

Njia ya kwa kina Kasiani, jirani zao wa shamba, ilipita mbali na nyasi, upande wa juu. Rukia aliitupa mashine, akaweka mikono kichwani, na akakimbia, analia tayari, bila hata kumjua anayemlilia.

Na kinachokimbia hufuatwa. Simba alinyanyuka. Sabra hakujua kama ana ujasiri, mpaka leo anasema hakuwa nao. Alitupa galoni kwa nguvu zote. Ilianguka karibu na miguu ya nyuma ya mnyama, ikapasuka kifuniko, petroli ikamwagika, na mnyama akaruka pembeni, akageuka mwili mzima, akamkabili yeye.

Sasa walibaki wawili.

Usikimbie. Hilo moja alilikumbuka. Mengine yote yalikuwa ya mtu mwenye bunduki. Akaanza kusema. Alisema kwa sauti ya juu kabisa, sauti ambayo watu wa video zake wasingeijua, alisema alhamdu, akasema bei za gemu kwa saa, akamwambia simba kwamba jina lake ni Sabra binti Bakari, kwamba mumewe anaendesha foko, kwamba hataki kufa, hataki, hataki, tafadhali baba. Mnyama alikuja hatua mbili. Akasimama, akakunja pua kwa ile harufu ya petroli. Akaja hatua nyingine. Simu ilianguka, Sabra hakuitazama. Mkojo ulimtoka, hakuona aibu. Sauti ilianza kumkwaruza, ikaanza kukatika, na alielewa kwamba itakapokwisha, naye atakuwa amekwisha.

Halafu, mbali, kijijini, kilio kikaanza.

Kwanza sauti ya mwanamke mmoja. Ikaongezeka ya pili. Kisha zikawa nyingi, zikapanda, zikaenea nyumba kwa nyumba, na badala ya kubaki huko zikaanza kuja. Laiti Sabra angefaulu kuwafikishia watu neno simba, kila mlango Chidede ungefungwa, na nani angewalaumu. Lakini msibani hakuna anayebaki nyumbani. Mwenye ugomvi huja, mwenye homa huja, aliyekuwa anasonga ugali huacha mwiko ndani ya sufuria akaja. Walikuja kwa njia ya shamba, kwa kuwa aliyejua jina la marehemu alikuwa huko, kijiji kizima, wanawake wamejifunga khanga kiunoni wakilia kwa sauti ya juu, wanaume nyuma yao, wengine na majembe yao mabegani kama yalivyokuwa, na ardhi ikawa inatetemeka kwa miguu.

Masikio ya mnyama yalilala. Alitazama upande wa kelele, akamtazama Sabra mara ya mwisho, akageuka. Hakukimbia. Aliondoka kwa mwendo wake, akaingia nyasi za upande wa mtoni, na nyasi zikajifunga nyuma yake kama maji.

Sabra alibaki amesimama pale pale. Ndivyo Bi Mwajuma alivyomkuta.

Mama yule alikuwa amekimbia kuliko vijana. Ushungi ulikuwa umemwanguka, mguu mmoja hauna kiatu. Njia nzima alikuwa na jina moja tu mdomoni, kwa maana simu anayo mkwewe, na mkwewe simu hupigiwa na nani kama si na watu wa bandarini? Alimshika Sabra mabega, akamtikisa.

"Ni Hashimu? Niambie, mwanangu. Ni Hashimu wangu?"

Sabra alitikisa kichwa.

"Nani basi? Nani amekufa?"

Nyuma yake watu walisimama, wakanyamaza, wakingoja jina. Rukia alikuwa mbele yao, uso umevimba kwa machozi. Sabra alinyoosha kidole. Pale chini, kwenye majani yaliyolala, petroli ilikuwa imelowesha udongo, na kwenye udongo uliolowa ulikuwepo unyayo, mzima, wa vidole vinne, ambao petroli ilikuwa bado inajikusanya ndani yake.

"Bado, mama," alisema. "Bado."

Bi Mwajuma aliutazama ule unyayo, Rukia akichungulia begani kwake. Akapima kwa macho kutoka hapo mpaka pale mashine ilipoanguka, upande ule binti yake aliokuwa akitokea, na aliyaelewa yote bila kuambiwa. Alimvuta Sabra ubavuni kwake kwa mkono mmoja, akamvuta Rukia kwa mkono mwingine, akawageukia wanawake wa Chidede waliokuwa wamenyamaza, na nyuma ya kimya kile kulikuwa na nyasi tu.

"Msinyamaze," aliwaambia. "Lieni. Lieni hivyo hivyo mpaka nyumbani."

Wakalia. Walirudi kwa njia ile ile, wamebanana, wakimlilia mtu asiyekuwepo, na waliokuwa nyuma kabisa walilia huku wakitembea kinyumenyume. Wote walilia kwa nguvu. Lakini aliyelia kuwashinda wote, mpaka ikabidi ashikwe mikono, alikuwa Rukia, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua anamlilia nani.